Kipokezi Hakisikii Asiyesema



Jioni ya leo tunalo swali la msikilizaji mmoja ambaye ni rubani wa ndege yake mwenyewe, ndege ndogo ya viti vinne na injini moja. Mwisho wa wiki huruka kutoka Dar es Salaam akifuata pwani: Kunduchi, Mbweni, Bagamoyo, mdomo wa Mto Wami, Saadani, na akiwa na mafuta ya kutosha husogea hadi Pangani na Tanga. Anasema ameona vipokezi vidogo vya kubandika kwenye kioo cha ndege, vinavyomwonyesha rubani kwenye tableti ndege nyingine zilizo karibu na mvua iliyo mbele yake. Bei zake zinapishana mno, naye si tajiri. Anauliza: ninunue kipi?

Najua wengi wenu hamna ndege, na huenda mtaliona swali hili ni la wachache. Lakini ndege hizo ndogo zinapita juu ya mapaa yenu, na wengine mmeshakaa ndani ya zile za abiria kumi na wawili zinazovuka kwenda Unguja kwa dakika ishirini. Anachokiona na asichokiona rubani huko juu kinawahusu.

Tuanze na namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, maana jibu lote limo humo. Kuna mtindo wa mawasiliano ya ndege uitwao ADS-B. Ndege yenye mtambo huo hujua ilipo kwa msaada wa setilaiti za GPS, kisha hujitangaza yenyewe bila kuulizwa, kama mara mbili kila sekunde: mimi ni nani, nipo wapi, nipo futi ngapi, naelekea upande gani na kwa kasi gani. Matangazo hayo hutoka kwenye masafa ya megahezi 1090. Kipokezi cha mkononi ni sikio tu. Kinayanasa matangazo hayo na kuyapeleka kwenye tableti kwa Wi-Fi, na tableti inachora alama za ndege juu ya ramani. Chenyewe hakitazami, hakipimi, hakiulizi. Kinasikiliza, na kinachosikika ni kile tu ambacho mtu fulani ameamua kukisema.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Vipokezi vingi vinavyosifiwa mitandaoni, kama vile Sentry, Stratus na GDL 50 ya Garmin, vilibuniwa kwa ajili ya soko la Marekani. Kule serikali, kupitia mamlaka yake ya anga, FAA, imesimamisha minara nchi nzima inayotangaza hali ya hewa bure kwa marubani kwenye masafa ya megahezi 978. Picha za rada za mvua, ripoti za viwanja, tahadhari za radi, vyote vinamiminika angani mchana na usiku, na kila mwenye kipokezi anavichukua bila kulipa senti. Rubani wa Marekani ana haki ya kusema kwamba kifaa chake kinampa trafiki na hali ya hewa.

Kichukue kifaa hicho hicho ukiwashe juu ya Bagamoyo. Kwenye megahezi 978 hakuna anayesema. Kitawaka taa, kitashika setilaiti, kitaungana na tableti vizuri, na ukurasa wa mvua utabaki mtupu. Si kwamba ni kibovu. Ile huduma ni ya Marekani, haijavuka bahari kuja kwetu. Hatari yenyewe iko hapa: ukurasa mtupu unafanana sana na anga safi. Rubani asiyejua anaweza kutazama tableti isiyo na doa la mvua akafurahi, na kumbe tableti hiyo haijaambiwa lolote tangu itoke dukani.

Kuna pia vipokezi vya bei ya juu zaidi, mfano GDL 52, vyenye uwezo wa kupata hali ya hewa kutoka redio ya setilaiti ya SiriusXM. Hiyo nayo ni ya Amerika Kaskazini, tena kwa malipo ya kila mwezi. Ukikileta hapa utakuwa umenunua sehemu mbili za hali ya hewa badala ya moja, na zote mbili hazina kazi.

Kwa hiyo, ndugu yetu rubani, jambo la kwanza ni hili: usitoe hata shilingi kwa ajili ya hali ya hewa ndani ya kifaa. Lipia sehemu ya 1090 pekee, inayosikia ndege. Hapo bei inashuka yenyewe.

Je, hiyo sehemu ya 1090 inasikia nani huku kwetu? Marekani minara ile ile ya FAA husaidia tena: ndege isiyojitangaza ikionekana kwenye rada ya serikali, katika maeneo mengi mnara huitangaza kwa niaba yake, ili mwenye kipokezi aione. Sisi tunazo rada za kuongozea ndege. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, imezifunga Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Lakini inachokiona rada kinamfikia mwongoza ndege aliye mbele ya skrini yake, na wewe unakipata kwa sauti yake redioni. Hakiingii kwenye tableti yako. Kipokezi chako kitasikia ndege inayojitangaza yenyewe, basi.

Na zinazojitangaza ni zipi? Jeti kubwa zinazoshuka Unguja na Dar es Salaam utazisikia vizuri, na ndege nyingi za abiria za kisasa pia. Lakini hizo kubwa si tatizo lako kubwa, kwa sababu zina ulinzi wao wenyewe. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka ndege za injini za turbini zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700, au zenye nafasi ya abiria zaidi ya 19, ziwe na mtambo wa kuepusha kugongana, unaozihoji transponda, yaani redio za kujibu, za ndege zilizo karibu na kumwambia rubani apande au ashuke. Sasa chukua Cessna Caravan, ndege ambayo bila hiyo usafiri wa visiwani na mbugani ungekuwa mgumu sana. Uzito wake haufiki kilo 4,100, na abiria wake hawafiki 19. Kanuni hiyo haiigusi. Wewe wa viti vinne haikugusi kabisa. Na nyote wawili ndio mnaokutana kwenye futi zile zile, kwenye ufuo ule ule, mkielekea viwanja vile vile vya changarawe.

Ukiwa na transponda ya zamani inayotoa namba na urefu peke yake, kipokezi cha mwenzako hakiwezi kukuweka kwenye ramani. Vipo vipokezi vinavyokisia umbali kwa kupima nguvu ya mawimbi, na hivyo huchora duara tu: kuna ndege ndani ya duara hili, tafuta mwenyewe iko upande gani. Na asiye na transponda kabisa, au aliyeizima, hayupo kwenye tableti ya mtu yeyote.

Majirani zetu wa Kenya wanalo tukio linalotukumbusha uzito wa jambo hili. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliyokuwa imeondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ikiwa na watu 44 kuelekea Diani, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwanafunzi na mwalimu wake waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Ilikuwa asubuhi, hatua chache kutoka uwanjani, si usiku wala katika pori la mbali. Sisemi kifaa cha mkononi kingewaokoa. Katika msongamano wa karibu na uwanja, muda kati ya kengele ya tableti na mgongano unaweza kuwa wa sekunde chache. Ninachosema ni kwamba anga tunayoiita tupu ina sehemu zake za kubanana, na sisi tunazo kwenye mlango wa Dar es Salaam na wa Unguja.

Halafu wapo wasio na redio kabisa. Saadani ni hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, yenye mito, mikoko na mabwawa ya chumvi, na ndege wa porini wanaokaa humo ni wengi. Nchi hii inajua tai anaweza kufanya nini. Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake, alikufa ndege yake ilipogongana na tai. Hakuna kipokezi cha bei yoyote kitakachokuonyesha korongo anayepaa kutoka bwawa la chumvi. Usiache mbachao kwa msala upitao: macho dirishani, sauti redioni, tableti baadaye.

Basi tuseme umekubali unanunua sikio la trafiki tu. Utazame nini dukani?

Kwanza, GPS ndani ya kifaa. iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS yake. Bila kifaa cha nje haijui ilipo, na alama za ndege nyingine hazitakuwa na maana. Kipokezi chenye GPS kinatibu hilo.

Pili, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ndege hutangaza urefu wake kwa mgandamizo wa hewa. Kipokezi kisicho na kipimo hicho kitalinganisha urefu wa mwenzako wa aina hiyo na urefu wako wa GPS, na hesabu mbili hizo hazilingani. Unaweza kuambiwa jamaa yupo futi mia tatu chini yako kumbe yupo sawa na pua yako.

Tatu, uwezo wa kukiingizia namba ya utambulisho wa ndege yako. Kama ndege yako inajitangaza, kipokezi kitakusikia wewe mwenyewe na kukuchora kama adui aliyekung'ang'ania kila uendako. Rubani aliyezoea kengele ya mzimu ataidharau kengele ya kweli.

Nne, joto. Apple wenyewe wanasema iPad itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35. Bagamoyo mwezi wa Februari, ndege ikiwa imeegeshwa juani, ndani ya kioo joto linapita hapo bila shida, na tableti itajizima wakati unapoihitaji. Kipokezi nacho kina betri. Usikiache kwenye dashibodi. Kibandike kioo cha ubavuni, mahali penye hewa, ambapo bado antena inaona nje. Bati la ndege na injini huziba mawimbi, kwa hiyo jaribu sehemu mbalimbali kabla hujaridhika.

Tano, programu. Kabla hujalipa, hakikisha programu utakayoitumia ina ramani za Tanzania na inakubali kuongea na kifaa hicho. Kifaa kizuri bila ramani ni taa inayomulika ukuta.

Kuhusu bei, vile vilivyotengenezwa kiwandani hugharimu dola mia kadhaa. Kuna njia nyingine, Stratux, mradi ambao programu yake ni huria na ya bure. Unachukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, redio ndogo ya USB, GPS na kipimo cha mgandamizo, na unaviunganisha. Maelekezo ya kule Marekani yanakuambia weka redio mbili, moja ya 1090 na nyingine ya 978. Hapa pwani ya pili iache. Unabaki na kifaa cha dola mia mbili na kidogo, kama nusu milioni ya shilingi na ushee, na fundi wa elektroniki mwenye mkono mwepesi anaweza kukuunganishia kwa siku moja. Ubaya wake ni kwamba kikisumbua hakuna dhamana wala wa kumpigia simu. Ukijijua huna subira ya nyaya, nunua cha kiwandani kilicho cha chini kabisa chenye mambo hayo matano.

Vipo pia vinavyosikia na kusema, kama SkyEcho 2. Hivyo ni habari nyingine. Kifaa kinachorusha mawimbi katika masafa ya usafiri wa anga si cha kukinunua na kukiwasha tu. Uliza TCAA, uliza na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, upate jibu la maandishi kwanza. Lakini zingatia walivyofanya Waingereza. Mwaka 2020 mamlaka yao ya anga ilianza kuwarudishia marubani nusu ya gharama, isiyozidi pauni 250, kwa kununua vifaa vya kuwafanya waonekane na wenzao. Walitambua kwamba anga iliyojaa masikio bila midomo haimlindi mtu.

Limebaki la hali ya hewa. Kama kifaa hakitupi, tunaipata wapi? Tunaipata pale pale ilipokuwa siku zote, chini, kabla ya kuruka. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa ripoti na utabiri wa viwanja vikubwa, Dar es Salaam na Unguja vikiwemo, na watabiri wake wa usafiri wa anga wapo kwa ajili ya kuulizwa. Picha za setilaiti za Meteosat hupigwa kila baada ya dakika kumi na tano au chini ya hapo, na simu yenye bando inazifungua ukiwa bado umesimama chini ya bawa. Zitazame kadhaa mfululizo, si moja, uone wingu linakua au linakufa, linakuja au linakwenda.

Tena hata wenye minara hawapo salama kama tunavyodhani. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, iliwaonya marubani mwaka 2012 kwamba picha ya mvua kwenye skrini inaweza kuwa na umri wa dakika kumi na tano hadi ishirini zaidi ya saa inayoandikwa pembeni yake. Wingu la masika la pwani yetu halihitaji dakika ishirini kuziba njia kati ya Wami na Bagamoyo. Baadhi ya waliojaribu kupenya katikati ya mawingu ya radi wakifuata picha ya zamani hawakurudi kuieleza FAA walichokiona.

Na pwani hii ina kumbukumbu zake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaivuruga mikarafuu, na Bagamoyo kikaangusha majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani, hali ilikuwa tofauti: TMA ilikuwa ikitoa taarifa mfululizo, na boti za kwenda Unguja zikasimamishwa kabla. Teknolojia iliyosaidia haikuwa mfukoni mwa nahodha yeyote. Ilikuwa watabiri waliosema mapema na watu waliosikiliza.

Ukishakuwa angani, hali ya hewa ya karibu unayo chini ya bawa lako. Tanga za ngalawa zinakuonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Moshi wa shamba linalochomwa unakuonyesha hivyo hivyo. Bahari ikianza kuvunja meupe wakati wa kusi, ujue kwenye uwanja wa changarawe utakuta upepo wa ubavu. Na mvua ikishusha pazia baharini alfajiri, usibishane nayo kwa sababu tableti ni nyeupe. Geuka. Mafuta ya kurudi Dar es Salaam ni ya bei nafuu kuliko kipokezi chochote.

Ndugu yetu rubani, jumla ya maneno ni haya. Nunua kipokezi cha 1090 chenye GPS na kipimo cha mgandamizo, cha bei ya chini unayoiweza, na yale maneno ya hali ya hewa kwenye boksi yasikupandishie bei. Tofauti ya pesa uliyookoa usiimalizie kwenye soda. Iweke akiba kwa ajili ya transponda yako: ikaguliwe, na siku moja ibadilishwe iwe ya kujitangaza. Kipokezi chako kinategemea wenzako waseme. Wao nao wanakutegemea wewe. Wenye ndege ndogo wote wa pwani wakinunua masikio peke yake, kila mmoja ataruka na tableti tupu akidhani yuko peke yake.

Kwa hiyo kabla hujawasha kipokezi, hakikisha umewasha transponda.